Treni Nyingi, Njia Moja: Historia ya Kuongoza Treni za TAZARA hadi Tunduma

Reli ya TAZARA huingia Mkoa wa Songwe ikitokea Mbeya, hupita Vwawa, yalipo makao makuu ya mkoa, kisha hufika Tunduma, stesheni ya mwisho ya Tanzania kabla ya Nakonde nchini Zambia. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, na nje ya stesheni njia ni moja: treni za kwenda na za kurudi hukanyaga reli zilezile. Dereva wa treni hana usukani wa kukwepea. Treni nzito ya mizigo ikiwa kwenye mwendo huweza kuhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama, ilhali kona, vilima na mahandaki humzuia dereva kuona umbali huo. Akiiona treni nyingine mbele yake, mara nyingi huwa amechelewa. Uamuzi wa nani apite na nani asubiri lazima ufanywe mapema, na mtu aliye mahali pengine.

Katika historia ya reli duniani, tatizo hilo limetatuliwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutawala kipande cha njia: reli hugawanywa vipande, na kila kipande hukabidhiwa treni moja tu kwa wakati mmoja. Ya pili, iliyokuja na kompyuta na redio, ni kuiagiza kila treni moja kwa moja iliko. TAZARA ilijengwa katika zama za njia ya kwanza, na historia yake inaonyesha uwezo wa njia hiyo na mipaka yake.

Kanuni iliyotangulia reli

Reli za mwanzo za Uingereza ziliongoza treni kwa saa. Treni moja ikishaondoka, nyingine ilisubiri dakika kadhaa, kisha ikaruhusiwa kuifuata. Hakuna aliyejua kama ile ya mbele ilikuwa imeharibikiwa njiani. Simu ya maandishi ya umeme, iliyojaribiwa na Cooke na Wheatstone kwenye reli ya London mwaka 1837, iliwezesha stesheni mbili kupashana habari kabla ya treni kufika. Lakini taarifa iliyosafiri haraka ingeweza pia kupotosha haraka. Tarehe 10 Septemba 1874, karibu na Norwich, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja baada ya ujumbe wa kuiruhusu treni ya pili kutumwa kabla ya wakati wake. Watu 25 walikufa.

Ajali hiyo ilimfanya Edward Tyer abuni, mwaka 1878, mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, moja katika kila stesheni, zenye vibao vya chuma ndani yake. Kibao kimoja kikitolewa, mashine zote mbili zilijifunga mpaka kibao hicho kirudishwe. Dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye kipande bila kushika kibao chake, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kutoa cha pili, treni mbili hazikuweza kupewa kipande kimoja. Toka hapo usalama uliegemea mashine inayokataa kosa, wala si kumbukumbu ya karani peke yake. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh nchini Ireland, mabehewa yaliyojaa wasafiri yalirudi nyuma mlimani na kuigonga treni iliyofuata, watu wapatao 80 wakafa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza liliagiza treni za abiria ziongozwe kwa vipande, ishara zifungamanishwe na pointi za kubadilisha njia, na mabehewa yote ya treni hizo yafungwe breki zinazofanya kazi pamoja.

Reli za Afrika Mashariki zilikuja baada ya kanuni hizo kukomaa. Ile ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ya Mombasa mwaka 1896, na ya Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Zote zilikuwa za njia moja na za upana wa mita moja, na zote zilitegemea stesheni zenye njia ya pembeni ambako treni moja husimama kuipisha nyingine.

Somo la mezani

Kanuni ya vipande haifundishiki kwa urahisi kwenye reli halisi, kwa kuwa kosa la mwanafunzi huua. Mwaka 1912 shirika la reli la Lancashire and Yorkshire lilijenga mjini Manchester reli ndogo ya mfano, yenye ishara na pointi zake, ili waongoza treni wajifunze kazi mezani. Reli hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya York. Wapenzi wa reli za mfano nao, walipotaka kuendesha treni kadhaa kwenye meza moja, walilazimika kufuata njia ileile, safari hii kwa sababu za umeme.

Treni ya mfano ya kawaida hupata umeme wa mkondo mnyoofu, aghalabu volti 12, kupitia reli mbili. Reli moja huleta umeme, nyingine huurudisha. Injini mbili zikiwekwa kwenye njia moja isiyogawanywa, zote hupata umeme uleule, na mkono ukizungusha kidhibiti zote huondoka pamoja. Fundi hulitatua hilo kwa kukata reli moja katika sehemu kadhaa na kutia kiungo cha plastiki kwenye kila mwanya, ili umeme usivuke. Reli ya pili anaweza kuiacha nzima iwe njia ya pamoja ya kurudisha umeme. Kila kipande hupelekewa waya wake kutoka kwenye swichi yenye nafasi tatu: upande mmoja hukiunganisha na kidhibiti cha kwanza, upande wa pili na kidhibiti cha pili, na katikati hukizima. Treni inaposonga, swichi ya kipande cha mbele hugeuzwa kabla haijafika, na ya kipande cha nyuma huzimwa ikishatoka.

Mpango huo una sharti moja ambalo halibadiliki mezani wala porini. Kwenye njia ya mzunguko, idadi ya vipande lazima izidi idadi ya treni. Treni tatu kwenye vipande vitatu hazina pa kwenda, kwa kuwa kila moja husubiri nafasi iliyokaliwa na mwenzake. Kinachoendesha treni nyingi ni kipande kilicho kitupu.

Njia inafika Tunduma

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake ilisafirishwa kupitia reli za kusini. Tarehe 11 Novemba 1965, Wazungu wachache waliotawala Rhodesia walijitangazia uhuru, na njia hiyo ikawa ya mashaka. Barabara, bomba la mafuta la TAZAMA lililokamilika mwaka 1968, na reli mpya vilikusudiwa kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Benki ya Dunia haikuuunga mkono mpango wa reli. China ilikubali, na tarehe 5 Septemba 1967 ilitia saini makubaliano na Tanzania na Zambia mjini Beijing. Mkopo wa China ulikuwa wa yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Wapimaji wa China walipita njia kati ya Mei 1968 na Mei 1970. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ilifika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, Novemba 1971. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilomita 157 tu, lakini katika kipande hicho yamo mahandaki 18 kati ya 22 ya njia nzima. Kutoka Makambako kazi ilienda kasi zaidi katika nchi tambarare ya Usangu, ikapanda hadi Uyole, Mbeya, mahali pa juu kuliko pote penye njia hiyo, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Agosti 1973 reli ilivuka mpaka Tunduma. Ilifika New Kapiri Mposhi Juni 1975, treni za majaribio zikaanza baadaye mwaka huo, na tarehe 14 Julai 1976 China iliikabidhi reli kwa Tanzania na Zambia.

Uamuzi wa upana wa njia uligusa uongozaji wa treni pia. TAZARA ilijengwa kwa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, si kwa milimita 1,000 za Reli ya Kati. Matokeo yake ni kwamba Tunduma ikawa karibu zaidi na Kapiri Mposhi kiufundi kuliko na Tabora: behewa lililopita Vwawa liliweza kuendelea hadi kusini ya mbali, ila halikuweza kuingia kwenye Reli ya Kati.

Sambamba na tuta zilisimikwa nguzo za simu. Kwa abiria zilikuwa mandhari ya dirishani, lakini kwa waongoza treni zilikuwa nusu ya reli yenyewe. Vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa kusoma Beijing katika Chuo Kikuu cha Kaskazini cha Jiaotong kati ya mwaka 1972 na 1975, na miongoni mwa fani walizosomea zilikuwamo uendeshaji wa treni, mawasiliano na ishara. Walimu wao walitoka kwenye nchi ambako, tangu katikati ya miaka ya 1960, reli za njia moja zilikuwa zikifungwa mfumo wa nusu otomatiki wa rilei. Katika mfumo wa aina hiyo, mkuu wa stesheni hubonyeza kitufe kuomba kipande, mwenzake wa stesheni ya mbele hukubali kwa kitufe chake, na ndipo ishara ya kuondokea huweza kufunguka. Treni ikishaingia, mashine hukifunga kipande. Hukifungua tena pale mkuu wa stesheni ya mbele anapothibitisha kwamba treni imefika nzima, na behewa la mwisho lipo. Ni nusu otomatiki kwa sababu kuhakikisha kwamba hakuna behewa lililokatika njiani kumeachwa kwa jicho la mtu.

Hesabu ya kupishana

TAZARA hutajwa kuwa na stesheni 93. Urefu wa njia ukigawanywa kwa idadi hiyo, umbali wa wastani kati ya stesheni na stesheni ni kilomita 20. Chukua treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa. Itakimaliza kipande hicho kwa dakika 30. Treni ya upande wa pili itasubiri ifike, kisha nayo itumie dakika 30. Kama kila ruhusa inachukua dakika tano, jozi moja ya treni hutumia dakika 70, na kwa saa 24 kipande kinaweza kupitisha jozi 20. Sasa stesheni moja ya katikati ifungwe. Vipande viwili vinakuwa kimoja cha kilomita 40, jozi hutumia dakika 130, na uwezo hushuka hadi jozi 11. Kufunga stesheni ndogo yenye wafanyakazi wachache, jambo linaloonekana kama kubana matumizi, hukata karibu nusu ya uwezo wa njia mahali hapo.

Hesabu hiyo hueleza pia kwa nini stesheni ya Tunduma ni nzito kuliko ukubwa wa mji ulivyokuwa reli ilipofika. Treni husimama hapo kwa sababu zisizohusu kupishana. Maofisa wa uhamiaji hukagua pasipoti za abiria wanaovuka, na mizigo huwa na nyaraka za forodha. Treni iliyosimama kwa ukaguzi hukalia njia ya stesheni, na ikiwa njia zote zimekaliwa, treni inayotoka Vwawa haiwezi kupokelewa. Nayo ikizuiwa Vwawa, inaikalia njia ambayo nyingine ingeitumia kupishana. Ucheleweshaji wa mpakani hurudi nyuma hivyo, stesheni kwa stesheni, kuelekea Mbeya.

Kuna pia suala la saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo treni inayovuka Tunduma saa tatu asubuhi huikuta Nakonde kwenye saa mbili. Kwa abiria ni jambo la kurekebisha saa mkononi. Katika amri ya treni, ambamo stesheni moja huiambia nyingine treni itaondoka lini, lazima ieleweke ni saa ya upande gani inayotajwa. Hapo ndipo faida ya chombo kimoja ilipoonekana: TAZARA iliundwa iwe mamlaka moja inayomilikiwa na nchi zote mbili kwa hisa sawa, yenye mikoa miwili ya uendeshaji, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mpika. Lau reli ingeishia Tunduma kwa shirika moja na kuanza upya Nakonde kwa jingine, kila treni ingehitaji kukabidhiwa hapo, pengine pamoja na injini na dereva mpya.

Miaka ya misukosuko

Njia moja haina pa kuzungukia inapokatwa. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua madaraja ya mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Treni za pande mbili za daraja zikawa kwenye reli mbili tofauti, na injini zilizobaki upande mmoja hazikuweza kusaidia upande wa pili mpaka daraja lilipotengenezwa.

Tatizo la pili lilikuwa nguvu. Injini za mwanzo, zilizoundwa China na kupitisha nguvu zake kwa mafuta ya haidroli, zilichoka kwenye mlima wa Mlimba hadi Makambako. Kuanzia mwaka 1983 ziliingizwa injini za dizeli na umeme za muundo wa General Electric, zilizoundwa na Krupp wa Ujerumani. Katika uongozaji wa treni za njia moja, injini yenye nguvu ina thamani mara mbili: huvuta mabehewa mengi zaidi kwa safari moja, hivyo hupunguza idadi ya kupishana, na hupanda mlima kwa kasi zaidi, hivyo hukiachia kipande mapema.

Njia ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, lakini haikufikia kiwango hicho. Kama kila treni ingebeba tani 1,000, mzigo huo ungehitaji treni 2,000, yaani kati ya tano na sita kwa siku, pande zote zikijumlishwa. Vipande vya kilomita 20 vingezimudu bila taabu. Kilichopungua kilikuwa injini na mabehewa yanayofanya kazi, huku mitambo ya ishara na ya mawasiliano ikiwa imechakaa au kuibwa. Mfumo wa vipande huishi kwa taarifa. Waya ukikatika, mashine haziwezi kukubaliana, na stesheni hubaki na kibali kilichoandikwa kwenye karatasi na simu ya aina yoyote inayopatikana. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa usalama, lakini kwa kasi ndogo, na kinga dhidi ya kosa hurudi kwenye umakini wa mtu.

Miaka ya 1990 ilileta mashindano pia. Afrika Kusini ilipofunguka, shaba ya Zambia ilipata tena njia za kusini, na malori yakaongezeka kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Tunduma ikakua kuwa mji wa malori. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, foleni za mpakani zilikuwa tayari miongoni mwa mambo yanayoutambulisha, na kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kuzipunguza.

Hatari ya njia moja haikuhusu TAZARA peke yake. Juni 2002, kwenye Reli ya Kati mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani baada ya breki kushindwa, ikaigonga treni ya mizigo. Waliokufa walizidi 280. Kilikuwa kisa cha Armagh tena, miaka 113 baadaye: kugawanya vipande pekee hakutoshi treni inapopoteza breki.

Kutoka kipande hadi treni

Njia ya pili ya kutatua tatizo ilionekana mapema kwenye meza za reli za mfano. Mwaka 1979 kampuni ya Hornby ya Uingereza iliuza mfumo uitwao Zero 1, uliotuma amri kwa kila injini kupitia reli zilezile. Katikati ya miaka ya 1990 chama cha NMRA cha Marekani kiliweka kanuni ya pamoja iliyotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika mfumo huo, njia nzima hupewa umeme wakati wote. Ndani ya umeme huo husafiri ujumbe wa kidijitali wenye namba ya injini na amri yake, na chombo kidogo kilicho ndani ya kila injini husikiliza namba yake tu. Waya nyingi za swichi huondoka, na treni mbili huweza kukaribiana kwenye kipande kimoja, moja ikisonga na nyingine imesimama. Hata hivyo mafundi wengi huendelea kugawanya njia katika maeneo, ili shoti ikitokea mahali pamoja isizime meza nzima, na ili mtambo ujue treni iko wapi.

Reli kubwa zilifuata mwelekeo huo. Reli ya kisasa ya Tanzania ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, hutumia mfumo wa Ulaya wa ETCS wa ngazi ya pili. Vifaa vilivyofungwa kati ya reli huiambia treni iko wapi. Kituo cha udhibiti huitumia kwa redio ruhusa ya kwenda hadi mahali fulani. Na kompyuta iliyo kwenye injini hufunga breki dereva akipita kasi au mpaka aliopewa. Vipande bado vipo, lakini ruhusa haisimami tena kwenye nguzo kandokando ya njia. Husafiri na treni.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, wenye uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4. Katika ufufuaji wa aina hiyo, reli, mataruma, injini na mabehewa ndivyo vinavyoonekana kwanza. Hesabu ya kupishana huonyesha kwamba faida yake itategemea pia mambo matatu yasiyoonekana sana: stesheni za kupishana kufunguliwa mahali ambapo vipande vimerefuka, mawasiliano kufika kila stesheni bila kukatika, na mfumo mmoja wa kuongoza treni kuvuka mpaka pasipo kubadilishwa. Tunduma inayagusa yote matatu. Ukaguzi wa mpakani ukifanyika bila kuzikalia njia za stesheni, na kibali kilichotolewa upande mmoja kikitambulika upande wa pili papo hapo, vipande vya Vwawa hadi Nakonde vinaweza kupitisha treni nyingi kuliko zinazopita sasa kabla ya haja ya kujenga njia ya pili kutokea.